Pugu au Kisarawe? Hadithi ya vilima viwili vinavyoitazama Tabata

Ukimya wangu wa wiki tatu una sababu, na sababu yenyewe ni mama yangu mzazi. Bi mkubwa kastaafu, kapata kiinua mgongo chake, na sasa anataka kuhama Tabata. Ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha dirisha. Chini ya dirisha kuna baa. Nyuma ya baa kuna mhubiri mwenye spika nne. Kigodoro kikipigwa mtaa wa pili, vyombo vinacheza kabatini. Anasema kelele amezisikia za kumtosha, miaka iliyobaki anataka kusikia jogoo.

Dalali kamletea viwanja viwili. Kimoja kipo Pugu, juu ya mgongo wa kilima. Cha pili kipo upande wa Kisarawe, ukishaipita Minaki. Vyote vina miembe, vyote vina upepo, na bei hazipishani sana. Mimi nikasema Pugu, ni karibu na mjini. Mama akasema Kisarawe, bila sababu ya kueleweka. Tukabishana siku mbili mezani. Ya tatu akanikata: "Wewe si mwandishi wa habari, baba? Basi kaulize. Hela hii ni ya mara moja, nikikosea sina nyingine."

Basi nikaenda kuuliza. Nimeuliza watu na nimeuliza vitabu, na nilichokikuta kimenifanya nisiweze tena kuipigia debe Pugu kama mwanzo. Wala Kisarawe. Hebu nisikilizeni.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kijiji". Pugu ya leo ipo ndani ya Jiji la Dar es Salaam, Wilaya ya Ilala, na ina wenyeviti wa mitaa kama sisi. Kisarawe ni makao makuu ya wilaya, Mkoa wa Pwani. Ukitoka mjini kwa barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege, unapita Gongo la Mboto, unafika Pugu Kajiungeni. Hapo njia inagawanyika: moja inakwenda Chanika, nyingine inakata kulia na kupanda Kisarawe. Ni mwendo mfupi tu kati ya sehemu hizi mbili, na ni safu ileile ya vilima ambavyo vyenyewe havina makuu, vinazidi kidogo mita 300 juu ya bahari. Mtu wa Lushoto au Rombo akisikia tunaviita vilima atacheka. Lakini kwa sisi wa bondeni hivyo ndivyo tulivyonavyo. Siku isiyo na ukungu, ukipanda juu ya ghorofa lolote refu la Tabata Bima, unaviona kule kusini magharibi vimejilaza.

Wa kwanza kuandikwa vitabuni kwamba walipanda huko kutafuta pa kuishi ni Wabenediktini wa Kijerumani. Wenyeji Wazaramo walikuwapo tayari, na mihogo yao na mpunga wao, ila wao hakuna aliyekuwa anawaandika. Watawa hawa walitoka katika shirika lililoanzishwa mwaka 1884 Ujerumani, wakafika pwani yetu mwishoni mwa 1887, na mwaka 1888 wakajenga misheni Pugu.

Kwa nini Pugu, na Dar es Salaam ilikuwapo? Hapa inabidi umwelewe Mzungu wa zama zile. Dar wakati huo ilikuwa mji mdogo uliododa. Sultani Majid aliuanzisha miaka ya 1860, akafariki 1870, na mdogo wake Barghash hakuutilia maanani. Halafu kuna homa. Madaktari wengi wa Ulaya waliamini homa inaletwa na hewa ya mabondeni na madimbwi yake. Neno lenyewe malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Habari ya mbu ilikuja kuthibitishwa na Ronald Ross kule India mwaka 1897, na mwaka huohuo Robert Koch naye alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki akizipima damu za watu. Kabla ya hapo, kanuni ya kuishi Afrika ilikuwa nyepesi: panda juu. Waingereza wa India walikuwa na Simla yao. Wajerumani baadaye wakajifanyia Lushoto, wakaiita Wilhelmstal. Pugu ni ya kundi hilohilo, ila kwa mlima wa kimaskini.

Utulivu wenyewe haukumaliza hata mwaka mmoja. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kazi ya kutawala pwani na kukusanya ushuru. Agosti kampuni ikaanza kupandisha bendera zake kwa ubabe, na Pangani ikawaka. Vita ile vitabu vya shule vimeipa jina la Abushiri bin Salim, ingawa waliopigana walikuwa wengi na kila mji ulikuwa na sababu zake. Januari 1889 moto ukafika Dar es Salaam, na tarehe 13 mwezi huo misheni ya Pugu ikavamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa. Wengine wakachukuliwa mateka, wakaja kuachiwa baadaye. Majengo yakaishia kuwa majivu. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huohuo.

Nilipomsimulia mama kipande hiki alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wale waliokuwa wanakaa hapo kabla ya hao masista, walikuwa wameulizwa?" Nikamwambia sijui, mama, vitabu vya misheni vinasimulia zaidi habari za masista. Akasema, "Haya, endelea."

Wabenediktini walionusurika wakashuka wakabaki mjini, na kanisa lao la Mtakatifu Yosefu, lile la pale karibu na bandari, lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Kwa maneno mengine, watu waliopanda kilimani kukimbia hewa mbaya ya bondeni waliishia kujenga bondeni, pua na pua na maji ya chumvi.

Sasa twende Kisarawe. Huko waliotangulia kwa misheni ni Walutheri. Mchungaji Greiner, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1887, alifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na miaka mitatu baadaye kikafuata Maneromango. Halafu mwaka 1925 wakaja Waanglikana wa UMCA, na chuo chao cha Mtakatifu Andrea. Chuo hiki kilizaliwa Kiungani, Zanzibar, miaka ya mwisho ya 1860, kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1925 kikavushwa bahari na kupandishwa Minaki, karibu kabisa na Kisarawe. Wakatoliki nao walikuja kurudi Pugu, wakajenga shule ya Mtakatifu Fransisko. Ndiyo maana safu moja ya vilima, ambayo unaweza kuimaliza kwa miguu asubuhi moja, ina alama za madhehebu matatu. Mzaha wa historia ni kwamba Wazaramo wenyewe wengi walichagua Uislamu. Wamisionari walipata vilima, watu wakaenda msikitini.

Pugu na Minaki. Nani asiyezijua? Kuna kizazi kizima cha watumishi wa serikali, walimu na waganga wa nchi hii kilichooga maji baridi ya kule. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ikazitwaa shule za mashirika, majina ya watakatifu yakabaki kwenye vyeti vya zamani, na sasa ni Pugu Sekondari na Minaki Sekondari tu. Nimekutana na wazee waliosoma shule hizi wakibishana ipi ilikuwa bora, utadhani Simba na Yanga. Sitaingia humo.

Lakini Pugu ina kisa kimoja ambacho Minaki haina, na kilikuwa silaha yangu kubwa kwenye ubishi na mama. Mwalimu. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwishoni mwa 1952, akaoa Januari 1953, akaanza kufundisha Pugu. Hebu piga picha. Una miaka thelathini na kitu, una shahada ambayo Watanganyika wa kuihesabu hawamalizi vidole, una mke kijana, una nyumba ya shule juu ya kilima chenye upepo. Ualimu ni kazi ya heshima. Nani angetaka nini zaidi?

Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kupanda na kushuka: siku za kazi yuko kilimani, siku za mapumziko yuko mjini kwenye mikutano, na wazee husimulia kwamba mara nyingine alitembea kwa miguu kilometa zote zile, zinazokaribia ishirini. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, shule ikamtaka achague: chaki au siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu mwezi uleule. Akaenda kwao Musoma kwa miezi kadhaa, kisha akarudi Dar na kuishi Magomeni, kwenye nyumba ambayo leo ni makumbusho. Magomeni, wadau! Uswahilini, ngoma, vumbi, mafuriko. Wengi wetu tunaota kutoka Magomeni kwenda Pugu. Yeye alitoka Pugu akaenda Magomeni.

Nilidhani kisa hiki kitamshawishi mama. Akaniangalia kama ananionea huruma: "Mwanangu, hapo umenielezea mtu aliyehama Pugu."

Ikabidi nikubali.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo imeninyima usingizi, na haikuanzia Pugu wala Kisarawe. Imeanzia hapahapa Tabata.

Sisi tulihamia Tabata miaka ya 1990, mimi nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Baba, Mungu amrehemu, alipata kiwanja kwa bei ya kutupa, na nyumbani daima ilisimuliwa kama hadithi ya bahati. Bahati yenyewe ilikuwa jina. Karibu na hapo palikuwa jalala la jiji zima, na hata leo, watoto wa juzi ambao hawajaona hata gunia moja la taka pale, wakipanda bajaji wanasema "nishushe Dampo". Nilipokuwa mdogo nilidhani Dampo ni jina la mtu.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwapo tangu miaka ya 1970, alinisimulia vizuri. Magari yalikuwa yanakuja mchana na usiku. Taka zilikuwa zinachomwa, moshi ukijaa vyumbani hadi chandarua kinanuka. Nzi, anasema, walikuwa wanatua juu ya ugali kabla mkono wako haujafika. Wakazi wakalalamika, wakapigwa kalenda. Mwishowe wakafanya jambo ambalo raia wa zama za chama kimoja hawakulizoea. Waliishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Kesi ya madai namba 299 ya mwaka 1988.

Wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka Tabata na kutafuta mahali pengine. Jiji likaomba muda. Likaongezewa. Likaomba tena. Na tena. Mwaka 1991 lilipokuja kuomba kwa mara nyingine, Jaji Kahwa Lugakingira akachoka. Alisema hajapata kuona mamlaka ya umma ikija mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akaifungua Katiba, ibara ya 14, haki ya kuishi. Kumlazimisha mtu avute moshi wa sumu ni kuyahatarisha maisha yake. Wanafunzi wa sheria Chuo Kikuu wanaisoma hukumu hiyo hadi leo, na nimeikuta inatajwa mbali na Tanzania, kwenye maandishi ya wanasheria wa mazingira wa nchi nyingine. Tabata yetu hii! Ya bia baridi na nyama choma! Niliposoma nilijisikia kifua kinapanuka.

Halafu nikauliza swali la kipuuzi ambalo sikuwahi kuliuliza miaka yote. Taka zilikwenda wapi?

Kwanza zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule, zaidi ya mia saba kwenye shauri moja, nao wakakimbilia mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Zikapelekwa Vingunguti, yaani ng'ambo tu ya Mto Msimbazi kutoka kwetu, zikakaa karibu miaka kumi. Kisha Mtoni, kule Temeke, miaka ya mwanzo ya 2000. Na tangu miaka ya mwisho ya 2000 zinakwenda Pugu. Pugu Kinyamwezi.

Mnanipata? Jalala lililomwezesha baba yangu kununua kiwanja kwa bei ya bure lilianza safari siku lilipofukuzwa mtaani kwetu. Limezunguka mji mzima likitafuta watu wasio na wakili, na mwisho wake likapanda kilima kilekile ambacho mimi nimemchagulia mama yangu akapumzike. Na limekuwa kubwa zaidi. Sensa ya 1967 ilihesabu Dar watu laki mbili na elfu sabini na kitu. Ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Kila asubuhi kigari cha taka kinapita mlangoni kwetu, mama anatoa kiroba chake, anamlipa kijana hela yake, tunarudi ndani. Sasa najua kiroba kinakwenda wapi.

Kwa hiyo hata siku tutakayohamia Pugu tutakuta taka zetu zimetutangulia.

Na huo ni upande mmoja wa biashara kati yetu na vilima. Upande wa pili ni mto. Msimbazi, huu unaotutenganisha na Vingunguti, unaanzia huko huko kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unashuka, unatupitia, unakwenda Kigogo na Jangwani hadi baharini pale Selander. Desemba 2011 mvua ziliponyesha siku mfululizo, watu wakafa, na maelfu ya wakazi wa bondeni wakaja kupelekwa Mabwepande, sisi tulikuwa tunaulaumu mto. Lakini kule juu kulikuwa na msitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, ina mimea na ndege ambao ukiwakosa huko huwapati kwingi duniani, na kwa miongo mingi imeliwa na mkaa. Mkaa wa nani? Nadhani sina haja ya kumtafuta mtu mbali. Nyumbani gesi tumeanza kutumia juzi, na maharage mama bado anayapika kwa mkaa, anasema gesi haiivishi vizuri. Serikali imeanza kuuhifadhi msitu kwa nguvu zaidi miaka ya karibuni, watalii wa ndani wanakwenda kutembea na kuona mapango ya popo yaliyochimbwa zamani kutafuta udongo wa kaolini. Jambo jema. Limechelewa, lakini jema.

Kuhusu kelele, ambazo ndizo zilizoanzisha safari yote hii, niseme kwa kifupi. Gongo la Mboto, chini ya vilima, usiku wa Februari 16, 2011 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka. Watu zaidi ya ishirini walikufa, na mabomu yakaruka hadi mbali. Nakumbuka sisi Tabata tulilala nje. Hiyo ilikuwa ya usiku mmoja. Siku za kawaida kuna mnada wa ng'ombe wa Pugu, kuna malori ya taka, na tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inapita na ina kituo pale. Reli ya zamani ya Wajerumani, waliyoianza 1905 kutoka Dar kwenda Morogoro, ilishapita huko karne nzima kabla. Utulivu wa Pugu, kwa kweli, nimeutafuta sana kwenye historia na sijaona kipindi kirefu ulipokuwapo.

Basi Kisarawe kashinda? Subirini kidogo.

Jumamosi tulikwenda wenyewe, mimi, mama na dalali. Kisarawe kuzuri, sitadanganya. Ukishaipita Minaki hewa inabadilika, mikorosho imejaa, watoto wanakusalimia shikamoo hata wasiokujua. Mama alianza kutabasamu tangu kwenye daladala. Nikamuuliza kwa nini alitaka Kisarawe tangu mwanzo, akanipa jibu ambalo sikulitegemea. Alikuwa na rafiki kazini, wa huko Kisarawe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anarudi kwao jioni na madumu mawili ya maji kwenye daladala. Kila siku ya kazi. "Nikawa najiuliza," mama akasema, "mahali gani hapo, mtu anabeba maji kupeleka, na bado hahami?"

Maji ndiyo yalikuwa kidonda cha kilima. Wilaya iliyo pua na pua na jiji kubwa kuliko yote nchini, na ambayo mito ya jiji inaanzia kwake, ilikaa miongo mingi bila maji ya bomba ya kuaminika. Bomba la kutoka mitambo ya Ruvu Juu kupitia Kibamba lilizinduliwa na Rais Magufuli Juni 2020. Rafiki wa mama alikuwa ameshastaafu.

Kiwanja chenyewe kipo kwenye ardhi ya kijiji. Hapo kuna jambo la kujua, na wengi mnaokimbilia mashamba ya Pwani mnalipuuza. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na mjini tunatumia namba 4. Kwa kijiji, mgeni haji tu na hela akaandikishana na muuzaji chini ya mwembe. Ombi linapita kwenye halmashauri ya kijiji, watu wanakaa, wanakujadili. Dalali alitaka turuke hatua hiyo, "tutamalizana na mwenyekiti". Mama akakataa katakata. Akaenda mwenyewe ofisini, akaamkiana na wazee, akasema anatafuta pa kuzeekea, wamuulize wanachotaka.

Mzee mmoja akamuuliza anatoka wapi.

"Tabata."

Mzee akacheka, akasema siku hizi wote mnatoka Tabata. Akatuonyesha kwa kidole nyumba tatu mpya zenye mabati mekundu. Moja, akasema, ina jenereta. Nyingine mwenyewe anajenga baa.

Mama hakucheka. Akauliza taka zao wanatupa wapi. Kila mtu shimo lake nyuma ya nyumba, wakamjibu, lakini hao wageni wana taka nyingi, za plastiki, na mwaka huu limeanza kusemwasemwa suala la kutafuta eneo. Eneo gani? Hawajaamua. Bondeni huko, labda.

Tukarudi kwa njia ya Pugu, dalali akasisitiza tukione na kile cha kwanza. Kiwanja kipo palepale mgongoni, unaona jiji lote, na kwa mbali utepe wa bahari. Hewa safi kabisa. Dalali akaninong'oneza kwamba harufu ya Kinyamwezi ni maneno ya watu. Mama akasimama katikati ya kiwanja, akalowesha kidole mate, akakiinua juu kama wavuvi.

"Hii ni kaskazi," akasema. "Miezi hii upepo unatoka kule. Kusi ikianza utatoka wapi?"

Dalali akaanza kuelezea habari za hati.

Tumekubaliana tutarudi mwezi Juni, vilima vyote viwili, bila dalali. Kule Kisarawe wazee wamesema ombi litajadiliwa kikao kijacho na mama anatakiwa awepo. Kiinua mgongo kipo benki. Baa ya chini ya dirisha imeongeza spika.